Nusu milimita ya chini: shajara ya chombo kinachozunguka

Januari 11

Nimenunua mota ya waipa. Imetoka kwenye gari dogo lililokatwa vipuri, na fundi aliiunganisha na betri mbele yangu ili nione kasi zake mbili. Akaniuliza, "Mwalimu, hii unaenda kuifunga wapi?" Nikamjibu kwamba nataka kuzungusha maji. "Maji yenyewe au chombo?" Chombo, nikasema, maji yatafuata. Akatikisa kichwa. "Yatafuata vipi, na chombo chenyewe ni laini ndani?"

Swali lake nimeliandika ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa kuwa ndilo mradi wenyewe. Chombo cha duara chenye kuta laini hakina kasia wala pangaboi la kuyasukuma maji. Kinachoyashika ni mnato peke yake, yaani ile tabia ya maji kushikana na kukokotana, na mnato hushika pale tu maji yanapogusa kioo. Nataka kuona kinachotokea hapo kwenye mgusano, na kujua chembe za mchanga, tope na majani ya chai zinazolala hapo chini huelekea wapi.

Januari 19

Meza imekamilika. Plaiwudi mbili za inchi moja, katikati ekseli na beringi za gurudumu la nyuma la pikipiki, juu yake sahani ya plaiwudi niliyoikata duara. Mota iko pembeni, inavuta kwa mkanda. Kapi la sahani ni kubwa mara mbili ya kapi la mota, hivyo mizunguko 60 ya mota inakuwa 30 kwa dakika mezani. Kidhibiti kasi kinaniwezesha kushuka zaidi.

Chombo: kipande cha kioo kwa chini, na ukuta wa plastiki angavu uliokunjwa kuwa duara la kipenyo cha sentimita 24, umegandishwa kwa silikoni. Chini ya kioo nimebandika karatasi niliyochora miduara kila baada ya sentimita moja, na mistari ya nyuzi 10. Simu imefungwa juu kwenye mkono wa chuma unaozunguka pamoja na sahani, ili kamera iyaone mambo kama anavyoyaona mtu aliyepanda pembea hiyo hiyo.

Nimeunganisha nyaya ili meza izunguke kufuata mishale ya saa. Ukiitazama dunia kutoka juu ya Ncha ya Kusini, inazunguka hivyo. Sisi huku Tanga tuko nyuzi 5 kusini ya ikweta, basi chombo chetu nacho kiwe cha kusini.

Januari 26

Silikoni inavuja. Nimebandua, nimesafisha kwa spiriti, nimepaka upya. Siku mbili za kusubiri.

Februari 1

Maji yameingia, lita nne na nusu, kina sentimita 10. Joto nyuzi 28.

Kabla ya kuwasha nilipiga hesabu ya muda wa kusubiri. Mnato wa maji kwa joto hili, ukishagawanywa kwa densiti, ni milimita za mraba 0.84 kwa sekunde. Mwendo ukipanda kutoka kwenye kioo kwa kuambukizana tu, tabaka la chini likivuta la juu yake na hilo likivuta linalofuata, muda ni kina mara kina, gawanya kwa mnato: 10,000 kwa 0.84, karibu sekunde 11,900. Saa tatu na ushee. Nikachukua rundo la madaftari ya kidato cha pili nisahihishe huku nikisubiri.

Nilikuwa nimetupia vipande vya karatasi juu ya maji. Baada ya kama dakika moja, vile vya ukingoni vilikuwa vinakwenda na chombo. Dakika ya tano, vyote vilikuwa vimetulia mbele ya kamera kana kwamba hakuna kinachozunguka. Uso wa maji ulikuwa umebonyea katikati, ukingoni maji yakiwa juu zaidi kwa karibu milimita 7, na ndivyo inavyotakiwa kwa kasi hiyo. Daftari la nne nilikuwa sijalimaliza.

Hesabu yangu haikukosewa katika kuzidisha wala kugawanya. Imekosewa katika picha niliyokuwa nayo kichwani. Niliyafikiria maji kama yaliyokaa mahali pake, yakipokea mwendo kutoka kwa jirani. Kumbe maji yenyewe yanasafiri.

Februari 2

Nimekaa na kalamu. Nitaieleza hivi nitakapowaeleza wanafunzi.

Chombo kinapoanza, maji yanayogusa kioo yanalazimika kuzunguka nacho. Yaliyo juu yake bado yamesimama, kwa hiyo hakuna kanieneo (msukumo wa maji kwenye eneo) ya kuyazuia yale ya chini yasitupwe nje. Yanatupwa. Yakifika ukutani yanapanda, tayari yana mzunguko. Na pale yalipotoka lazima pazibwe, basi maji ya juu yanashuka katikati kuingia kwenye lile tabaka la chini, nayo yanashikwa, yanazungushwa, yanatupwa. Chombo chote kinapitishwa kwenye tabaka moja jembamba kama nguo zinavyopitishwa kwenye beseni moja la kusuuzia.

Unene wa tabaka hilo unapatikana kwa kipeuo cha pili cha mnato gawanya kwa kasi ya mzunguko. Mizunguko 30 kwa dakika ni radiani 3.14 kwa sekunde. 0.84 kwa 3.14, kipeuo chake: milimita 0.52. Nusu milimita! Na kasi ambayo maji yanavutwa chini kuliingia, kwa diski inayozunguka chini ya maji yaliyosimama, mhandisi Theodore von Kármán aliikokotoa mwaka 1921: zidisha mnato kwa kasi ya mzunguko, chukua kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 0.88. Kwetu inatoka milimita 1.4 kwa sekunde. Kina cha milimita 100 gawanya kwa 1.4 ni sekunde 70 hivi. Kadiri maji yanavyoshika kasi, uvutaji unapungua, ndiyo maana kutulia kabisa kulichukua dakika tano badala ya moja. Lakini kutoka saa tatu hadi dakika tano, tofauti yote imeletwa na nusu milimita ya chini.

Nilimpigia fundi simu jioni. Nilitaka ajue jibu la swali lake.

Februari 8

Leo rangi. Nimechukua potasiamu pamanganeti maabara, punje ndogo kama za chumvi laini. Punje ikizama hadi kwenye kioo, inayeyuka taratibu na kutoa uzi wa zambarau unaoambaa chini kabisa, kwa sababu maji yenye rangi ni mazito kidogo kuliko mengine. Uzi unaandika njia ya maji ndani ya tabaka.

Utaratibu: acha chombo kizunguke kwa kasi ya mizunguko 30 kwa dakika, kwa muda wa dakika 15, hadi maji yatulie. Dondosha punje tano kwa umbali tofauti kutoka katikati. Kisha punguza kasi hadi 27. Maji ya juu bado yana kasi ya zamani, kwa hiyo sasa yanakitangulia chombo kwa asilimia 10. Mbele ya kamera yanaonekana yakizunguka taratibu kufuata mishale ya saa.

Nyuzi za zambarau hazikufuata duara. Zilikata ndani, kuelekea katikati, kwa mshazari. Nilipopandisha kasi hadi 30 tena, zote ziligeuka na kukata nje. Wanafunzi sita walikuwepo, na yule aliyeshika saa alisahau kusoma muda.

Kwa nini ndani? Juu, kila tone la maji linashikiliwa kwenye duara lake na kanieneo inayolisukuma kuelekea katikati. Maji ya ukingoni yako juu zaidi, basi yanasukuma. Msukumo huo na mwelekeo wa kutupwa nje vinatoshana. Chini kwenye kioo, maji yamepunguziwa mwendo na kioo, kwa hiyo kutupwa nje kumepungua. Lakini kanieneo haijapungua hata kidogo, kwa sababu tabaka ni jembamba mno na linapokea kanieneo ile ile ya juu yake. Basi kanieneo inashinda. Ndivyo ilivyo pia kwenye kikombe cha chai ukikoroga na kutoa kijiko, majani yanajikusanya katikati badala ya kutupwa pembeni. Einstein aliliandikia makala mwaka 1926, akiunganisha kikombe cha chai na kona za mito. Wachimba mchanga wa mitoni wanalijua kwa koleo zao: mchanga unalala upande wa ndani wa kona, upande wa nje mto unakula ukingo.

Februari 9

Nimechapisha picha nane za jana na kupima pembe kwa protrakta, kati ya uzi wa rangi na duara la karatasi, karibu kabisa na punje.

Nilichotarajia ni nyuzi 45. Hiyo ni hesabu ya Ekman. Fridtjof Nansen, mpelelezi wa Norway, meli yake Fram ilipokwama kwa makusudi kwenye barafu ya kaskazini kuanzia 1893 hadi 1896, aliona barafu haifuati upepo. Ilielekea kulia kwa nyuzi 20 hadi 40. Swali likamfikia kijana Vagn Walfrid Ekman wa Sweden, na makala yake ya 1905 ilionyesha kwamba mnato na mzunguko wa dunia vikikutana, mwendo unapindika kadiri unavyoshuka, na kwa hesabu safi maji ya juu kabisa hukata nyuzi 45 na upepo. Kwenye sakafu ya chombo ni jambo lile lile limepinduliwa: maji yaliyo karibu kabisa na kioo hukata nyuzi 45 na maji ya juu.

Nilichopata: kati ya 41 na 49, nyingi zikiwa karibu na 45. Protrakta ya shule na uzi mnene kiasi kile haviniruhusu kudai zaidi.

Kilichonigusa ni jambo jingine. Punje ya sentimita 3 kutoka katikati na punje ya sentimita 10 zilitoa pembe zile zile. Tumezoea kufundishwa kwamba tabaka la mpaka hukua kadiri maji yanavyosafiri, kama ilivyo juu ya ubao mrefu, ambapo mwanzoni ni jembamba na mwishoni ni nene. Hapa halikui. Rudi kwenye kanuni: mnato, kasi ya mzunguko, basi. Umbali kutoka katikati haumo. Tabaka ni nusu milimita hapa na nusu milimita pale, sakafu nzima. Nimeitazama kanuni hiyo mara nyingi kitabuni bila kuiona. Iliponilazimu kupima pembe nane kwa mkono ndipo nikaelewa kwamba herufi isiyokuwepo kwenye kanuni nayo ni habari.

Februari 15

Msichana mmoja wa kidato cha tatu ameuliza kuhusu ikweta. Mjomba wake alipita Nanyuki, Kenya, kwenye mstari wa ikweta, akaonyeshwa maji kwenye beseni yakizunguka upande mmoja kusini ya mstari, na upande wa pili kaskazini. Je, ni kile tunachokifanya hapa?

Tulipiga hesabu ubaoni pamoja. Dunia inazunguka kwa radiani 0.0000729 kwa sekunde. Kwa Tanga, sehemu yake inayozungusha sakafu ya darasa ni hiyo mara saini ya nyuzi 5, yaani kama 0.0000064. Chombo chetu ni radiani 3.14. Chombo kinaishinda dunia karibu mara laki tano. Na hatua chache kutoka mstari wa ikweta, sehemu hiyo ya dunia inakaribia sufuri kabisa. Maji ya beseni dogo yanazunguka kwa jinsi yalivyomiminwa na beseni lilivyogeuzwa.

Kuiona dunia yenyewe ndani ya beseni kunawezekana, ila ni kazi ya subira. Ascher Shapiro wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, alichapisha mwaka 1962: tangi la upana wa futi 6, maji ya kina cha inchi 6, yameachwa yatulie saa 24, ndipo kizibo kikatolewa kutoka chini. Maji yalizunguka kinyume cha mishale ya saa, kama inavyotakiwa kaskazini. Mwaka 1965 watafiti wa Sydney walirudia na kupata upande wa pili.

Msichana akasema, "Kwa hiyo, Mwalimu, bahari inaiona dunia lakini beseni haliioni." Ndiyo. Bahari ni pana na ina muda. Kusi likivuma kuelekea kaskazini kwenye pwani yetu, maji ya juu yanasukumwa kushoto kwa upepo, yaani kuja ufukweni. Likiendelea hadi Somalia, ng'ambo ya ikweta, maji yanasukumwa kulia, kuacha pwani, na maji baridi ya chini yanapanda kuziba nafasi. Upepo mmoja, pwani moja, matokeo mawili. Na Kimbunga Hidaya kilipokuja upande wetu Mei 2024, kilizunguka kufuata mishale ya saa huku hewa ya chini ikivutwa ndani. Ni nyuzi zetu za zambarau kwa ukubwa wa kilomita.

Februari 22

Sasa chembe zenyewe. Mchanga wa ujenzi, umeoshwa mara nyingi hadi maji yakawa meupe, ukakaushwa. Maabara moja ya udongo imeniazima chekeche zake kwa wikiendi, na nimepata mafungu manne: chini ya milimita 0.063 (hili ni tope), 0.125 hadi 0.25, 0.25 hadi 0.5, na 0.5 hadi 1.

Jaribio la kwanza: fungu la 0.125 hadi 0.25, kijiko kimoja cha chai kikitawanywa kwa usawa. Kasi kutoka 30 hadi 27, kama siku ya rangi.

Haukusogea. Rangi ilipita katikati ya punje za mchanga kama maji yanavyopita kwenye mawe. Nilirudia mara tatu.

Nilipokokotoa, nikaona kwamba haukuwa na sababu ya kusogea. Kwa tofauti ya asilimia 10, umbali wa sentimita 8 kutoka katikati, maji ya juu yanakwenda sentimita 2.5 kwa sekunde, na mkwaruzo wake juu ya kioo, yaani nguvu ya kukokota kwa kila eneo, ni kama paskali 0.06. Kuamsha mchanga wa milimita 0.2 uliolala kitandani kunahitaji kiasi cha 0.16. Majani ya chai yaliyolowa, ambayo densiti yake inaikaribia ya maji, yalisogea bila taabu. Ukiyatazama majani pekee utaamini kwamba chembe zote hufuata tabaka. Chembe hufuata pale tu tabaka linapoweza kuzibeba.

Machi 1

Basi tumesimamisha chombo kabisa. Mizunguko 30, dakika 15 za kutulia, kisha nimeachia mkanda na kuishika sahani kwa mikono miwili hadi ikasimama. Maji yanaendelea juu ya kioo kilichosimama.

Hili mtafiti Bödewadt alilikokotoa mwaka 1940. Hapa mvuto wa kuelekea ndani ni mkali zaidi. Pembe chini kabisa si 45 tena, ni karibu 51, na maji yanayokusanyika katikati hupanda kwa 1.35 mara kile kipeuo cha mnato uliozidishwa kwa kasi ya mzunguko, yaani milimita 2.2 kwa sekunde. Mkwaruzo kwenye sentimita 8 unafika karibu nusu paskali, mara nane ya wiki iliyopita.

Mchanga uliondoka wote kwa pamoja. Sikuwa nimejiandaa kwa sauti yake, mchakacho hafifu wa punje juu ya kioo, unaosikika ukiinama. Njia zao zilikuwa za kujipinda, kama konokono, na ndani ya sekunde chache sakafu ya nje ilikuwa tupu.

Ukingoni kulikuwa na fujo. Kando ya ukuta maji yalijiviringisha kwa viduara vidogo vilivyopangana juu kwa chini, na tope kidogo lililobaki ukutani liliyaonyesha. Ukuta unapunguza mwendo wa maji ya nje huku ya ndani yakiwa bado na kasi, na mpangilio huo hauwezi kutulia. Nimeamua kutopima chochote kilicho ndani ya sentimita mbili kutoka ukutani.

Machi 2

Tope peke yake, lile fungu la chini ya 0.063. Nililiacha litulie sakafuni kwanza, kisha nikaongeza kasi polepole sana lisiamke, nikichukua nusu saa kufika mizunguko 30 kwa dakika. Mengi yalikuwa yameshasogea kidogo nje, lakini sakafu bado ilikuwa na vumbi.

Tulipoisimamisha, vumbi lilikimbilia katikati na halikukaa. Lilipanda. Nguzo ya rangi ya chai ya maziwa, unene wa kidole, ikisimama wima kutoka kitovu cha kioo hadi karibu na uso wa maji, ikizunguka juu yake yenyewe. Mwanafunzi mmoja alisema inafanana na moshi wa kibatari ndani ya nyumba isiyo na upepo. Nimeitazama video hiyo mara nyingi leo.

Ni shindano la kasi mbili. Maji yanapanda milimita 2.2 kwa sekunde. Punje inazama kwa kasi inayokua kwa mraba wa kipenyo chake: ya milimita 0.03 inazama milimita 1 hivi kwa sekunde, ya 0.1 inazama kama milimita 8. Mahali pa kutoshana ni kipenyo cha karibu 0.045. Chini ya hapo chembe inabebwa juu, inatawanywa, inarudi kushuka pembeni, na kuvutwa tena ndani. Juu ya hapo inabaki sakafuni. Tabaka linachekecha bila chekeche.

Machi 9

Fundi wa mota amekuja kuona. Alikaa chini kabisa, jicho usawa wa kioo, tukarudia jaribio la tope mara mbili. Kisha akauliza kama punje kubwa nazo zinaweza kupanda tukiongeza kasi. Tulipiga hesabu. Kupanda kunakua kwa kipeuo cha kasi ya mzunguko, hivyo kuzidisha kasi mara nne kunaongeza kupanda mara mbili tu, na kipenyo cha kutoshana kwa mara 1.4. Mota yake ingeungua kabla mchanga haujapanda. Ila alitambua kitu ambacho sikukiona: mkanda unateleza kidogo kila mzunguko, na sahani inatikisika. Amekaza, amepaka unga wa mkanda. Video za leo ni safi kuliko zote.

Machi 15

Mafungu matatu ya mchanga, kila moja peke yake, chombo kikisimamishwa ghafla. Hili ndilo nililolisubiri.

Nilitegemea lundo katikati kwa kila fungu. Nimepata mapete. Mchanga wa 0.125 hadi 0.25 ulikaribia kitovu ukasimama, ukiacha uwazi wenye nusu kipenyo cha kama sentimita 1.5. Ule wa 0.25 hadi 0.5 uliacha uwazi wa sentimita 3 hivi. Wa 0.5 hadi 1 ulisogea kidogo tu kutoka ulipokuwa, ukatandaa kama mkanda mpana wenye ukingo wa ndani kwenye sentimita 6 au 7, na punje za nje kabisa zilizunguka mara kadhaa kabla ya kuamua kwenda ndani.

Mkwaruzo kwenye kioo unapungua kadiri unavyokaribia katikati, kwa sababu maji ya ndani yana kasi ndogo. Unapungua kwa mstari ulionyooka: nusu ya umbali, nusu ya mkwaruzo. Na mkwaruzo unaohitajika kuamsha punje, kwa kukadiria tu, nao unakua sawa na kipenyo chake. Basi kila ukubwa wa punje una duara lake ambalo ndani yake maji hayana nguvu ya kuusogeza. Kipenyo mara mbili, duara mara mbili. Namba zangu, 1.5, 3, na 6 hadi 7, zinafuata hivyo kuliko nilivyothubutu kutumaini.

Lakini sizitangazi bado. Maji yanapoteza kasi wakati punje zikisafiri, kwa hiyo duara la kusimama si lile la sekunde ya kwanza. Pia punje kubwa haimo ndani ya tabaka kama ndogo ilivyo. Mvuto wa kuelekea ndani ni mkali zaidi kwenye urefu unaozidi kidogo kipimo cha tabaka, yaani karibu milimita 0.6 juu ya kioo. Punje ya 0.2 kichwa chake hakijafika hapo. Punje ya milimita 1 inatokeza juu, sehemu yake ya juu ikiwa kwenye maji yanayozunguka kwa nguvu zaidi kuliko yanavyokwenda ndani. Ndiyo sababu, nadhani, zile kubwa zilizunguka kwanza. Kuhakikisha, nitapunguza kasi hadi mizunguko 15, ambako tabaka linanenepa kufikia milimita 0.73, nione kama zitazunguka kidogo zaidi au pungufu kabla ya kuingia.

Machi 16

Jambo dogo la kukumbuka. Chombo kikiwa bado kinazunguka, punje iliyolala inavutwa nje kwa uzito wake wa ndani ya maji mara mraba wa kasi ya mzunguko mara umbali, na inashikiliwa na msuguano unaotokana na uzito huo huo wa ndani ya maji. Uzito unajifuta pande zote mbili. Chuma, mchanga au plastiki, vyote vinaanza kuteleza kwenye duara moja ikiwa msuguano wao ni sawa. Nilijaribu kwa ushanga wa kioo na changarawe: ushanga ulibingirika nje mapema, changarawe haikutingishika. Umbo limeamua, uzito haukuwa na kauli.

Machi 22

Mizunguko 15. Majaribio manne ya mchanga mkubwa, na mchanga haukuondoka. Kasi ikipungua nusu, mkwaruzo unapungua kwa zaidi ya nusu, karibu mara 2.8, kwa kuwa maji yana kasi ndogo na tabaka ni nene. Nililijua hilo kwenye karatasi na bado nikatumaini. Njia ya kunenepesha tabaka bila kupoteza mkwaruzo ni kuongeza mnato wenyewe. Nimeulizia bei ya gliserini.

Machi 29

Nimeinua kioo kukisafisha na kukitazama dhidi ya dirisha. Kina mikwaruzo. Mchanga ni mgumu kuliko kioo, na baada ya majaribio haya yote kuna duara la ukungu kati ya sentimita 4 na 9, pale punje zilipopita mara nyingi. Ndani ya sentimita 2 kioo bado ni cheupe.

Maana yake namba za fungu la tatu, zilizopimwa mwisho, zilipimwa kwenye sakafu yenye mikwaruzo, na za fungu la kwanza kwenye sakafu laini. Siwezi kuziweka kwenye jedwali moja. Nimeagiza kioo kingine cha kipimo kile kile. Kikifika nitaanza na punje kubwa, kisha za kati, kisha ndogo, na baada ya kila fungu nitakiinua kioo dirishani kabla ya kuendelea.